Garanti Ilivyomfunga Baba Mikono

Gari pekee nililowahi kununua likiwa jipya lilikuja na garanti ya miaka mitatu, na garanti hiyo ndiyo iliyotugombanisha mimi na baba yangu. Hatukurushiana maneno barabarani. Ulikuwa ule ugomvi wa watu wanaopendana, mmoja amenuna na mwingine anajifanya haoni. Mimi nilitaka gari lilindwe na karatasi, baba alitaka alilinde yeye.

Baba alikuwa dereva wa lori kwa zaidi ya miaka thelathini, Uvira kwenda Baraka na kurudi, kando ya ziwa, enzi ambazo dereva asiyejua ufundi aliweza kulala porini wiki nzima akingoja msaada. Alishaziba tangi la mafuta kwa sabuni ya kufulia. Alishafunga bomba la maji kwa mpira wa ndani wa baiskeli na lori likafika Baraka na abiria juu ya mzigo wakiimba. Cheti hakuwa nacho. Alipoacha kuendesha aliendelea kufungua vitu: cherehani za majirani, redio za kanisa, pampu ya mtu fulani kule Nyamianda ambayo mafundi watatu walikuwa wameshaikatia tamaa. Mama alipokuwa hai alikuwa akisema kwamba ameolewa na bisibisi. Mama alipotutangulia, baba alibaki Songo, mtaa wa Uvira, na dada yangu mdogo, mwalimu, ambaye hushinda shule kutwa. Basi vyuma vikawa ndio wazungumzaji wenzake.

Mimi ninanunua viazi, maharage na jibini Mulenge na vijiji vya huko juu milimani, ninateremsha Uvira kuuza. Kwa miaka mingi nilikodi magari ya watu, magari ambayo yaliharibika siku jibini ni nyingi na jua ni kali. Nilipopata uwezo nikaapa: safari hii sitaki gari lililokwisha kuzeekea kwa mwingine. Nikanunua pikapu mpya Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, karibu na kwetu ikiwa foleni ya mpakani Kavimvira si ndefu na maji ya ziwa hayajapanda barabarani. Viti vilikuwa bado na plastiki. Muuzaji alinikabidhi kitabu cha matengenezo kwa mikono miwili na kuniambia, "Mama, gari hili lisiguswe na fundi yeyote wa nje. Likisumbua, lilete kwetu." Niliipenda sentensi ile. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuambiwa kwamba kitu changu kikisumbua ni shida ya mwingine.

Nililifikisha Songo jioni hiyo hiyo. Baba alikuwa ameoga na kuvaa shati la misa. Katekista aliliombea gari, majirani wakalipapasa, watoto wakajitazama kwenye rangi. Baba alilizunguka mara mbili kimya, kisha akasimama mbele na kugonga kapo, kifuniko cha injini, kwa kidole kimoja.

"Fungua, nisalimie."

"Papa, haifunguliwi. Mutu wa inje akiigusa, garanti inakufa."

"Minye niko mutu wa inje?"

"Kwa wale wa Bujumbura, ndiyo."

"Kwa hiyo gari iko yako, lakini kuifungua iko ya wenyewe?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi hawakukuuzia, mama yangu. Wamekupangishia."

Majirani walicheka hadi katekista akasahau kibiblia chake juu ya kapo. Mimi sikucheka. Nina hasira za karibu, kila mtu sokoni anajua, na siku ile niliona baba ananiharibia sherehe.

Mwezi wa tatu nilimwachia gari uani kwake Jumamosi moja, mimi nikaenda kwenye kikao cha harusi ya mpwa wangu. Niliporudi nilimkuta ameketi mlangoni, kucha nyeusi, uso wa mtu aliyekula vizuri.

"Papa, ulifanya nini?"

"Niliisalimia tu."

Nilijua. Nilitazama kucha zile na nikajua, ila nilikuwa nimechoka na kikao, nikaamua kutojua. Gari liliwaka, likatembea, basi. Alichokifanya ni kile ambacho fundi yeyote wa pwani yetu ya ziwa hukifanya akipewa gari lililotoka mbali: alitoa termostati. Ni kidude kidogo kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Mafundi wetu wanakiita kitu cha baridi ya Bulaya, yaani Ulaya. Wanasema huku kwetu, ambako joto linamngoja mtu mlangoni asubuhi, kinaziba njia bure, na siku kikikwama kinakuchomea injini. Hukitoa kwa upendo kabisa, kama mama anavyomvua mtoto sweta alilovalishwa na bibi. Hakuna anayeuliza aliyetengeneza gari alikuwa na maana gani. Mazoea yana taabu.

Gari lilinitumikia vizuri hadi mwezi wa kumi. Siku hiyo nilikuwa ninapanda kwenda Mulenge, pole pole kwa gia ya kwanza, mahali ambapo hata ng'ombe husimama kupumua, mshale wa joto ukapanda na moshi mweupe ukatoka mbele. Nilizima. Nililia kidogo, nikatukana kidogo, kisha nikampigia baba simu. Alifika kwa pikipiki, akasimama mita mbili kutoka kwenye gari lile, mikono nyuma, hakugusa kitu. Hilo lilinitisha kuliko moshi.

Tulivutwa na lori la mchanga mpaka bondeni, na kesho yake tukavushwa mpakani kwa kamba hadi Bujumbura. Baba alikataa kubaki. Alisema mgonjwa haendi hospitali peke yake.

Idara ya matengenezo ya wale wauzaji ni mahali pa kumfanya mtu ajione mchafu. Vioo kila upande, sakafu inayoteleza, baridi ya mashine, viti vya ngozi, na nyuma ya meza dada mmoja wa mapokezi mwenye kucha ndefu na adabu nyingi. Alituletea chai. Baba aliweka kofia magotini na kutazama kupitia kioo mafundi waliovaa mavazi meupe. "Fundi anavaa nyeupe," aliniambia kwa sauti ndogo. "Sasa anajifutia wapi?"

Dada alifungua fomu na kuanza kuniuliza maswali. Gari limetembea kilomita ngapi. Lilikuwa limebeba nini. Kisha, bila kuinua macho:

"Je, injini imewahi kufunguliwa nje ya karakana yetu?"

"Hapana," nilisema. "Hata mara moja."

Nilisema haraka, kwa sauti ya mtu anayeuza viazi vya juzi. Baba aliacha kunywa chai. Mimi sikugeuza shingo.

Baada ya saa moja hivi alikuja shefu, yaani mkuu wa karakana, mwanamume mnene mwenye miwani kichwani, ameshika kipande cha chuma mkononi. Alikiweka mezani mbele yangu.

"Mama, hii ni nyumba ya termostati. Ndani yake hakuna termostati. Karatasi yako inasema injini haijawahi kufunguliwa. Ilitoka yenyewe?"

Nilifungua mdomo. Pengine ningewasingizia wao, ningesema liliuzwa hivyo hivyo, na Mungu anajua ningesema kwa makelele. Baba akasimama, kofia mkononi.

"Ni minye nilitoa."

"Papa!"

"Nyamaza, mama yangu. Mutu hadanganyi muganga ju ya mugonjwa. Atapewa dawa ya mwengine." Akamgeukia shefu. "Nilitoa mwezi wa tatu, ni kwa mikono hii. Mutoto hakunituma."

Nilitamani sakafu ile inayoteleza ipasuke inimeze. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zaidi kwa kuwa alikuwa amesema kweli mbele ya yule dada aliyekwisha kuandika uongo wangu. Shefu alishusha pumzi, akafunga faili.

"Muzee, asante kwa kusema. Lakini basi garanti imeishia hapo. Mumetoa kifaa, injini imechemka."

"Hapana," baba alisema. "Hapo unakosea."

Dada wa mapokezi aliacha kuandika.

"Kuitoa inapoza injini kupita kiasi," baba aliendelea, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. "Haiichomi. Kama iko kosa, ni kosa ya kunywa mafuta mingi. Hii gari, mu barabara ya Uvira, mwaka wote haikuchemka. Ju ya nini? Ju ilikuwa inakimbia, upepo ilikuwa inaingia yenyewe. Imechemka kwa mulima, iko inatembea pole pole, upepo hakuna. Mulituma mutu aangalie feni?"

"Muzee, utaratibu wetu..."

"Niko nauliza tu. Mulituma mutu aangalie feni?"

Shefu aliteremsha miwani kutoka kichwani hadi puani, akarudi karakana. Tulikaa. Chai ikapoa. Baba alikuwa anatazama kioo kama mtu anayefuatilia mechi. Shefu aliporudi alikuwa na doa jeusi kwenye vazi lake jeupe, tumboni kabisa.

"Feni haizunguki," alisema. "Mota yake imeungua ndani. Ni kasoro ya kiwandani." Kisha akaongeza, kwa unyonge uliomfanya nimpende, "Tulipoona termostati haipo, hatukutafuta tena."

Kutoka hapo mambo yalikwenda kiofisi. Simu zilipigwa. Tulirudi siku ya tatu, tukaambiwa garanti italipia feni na vyote vilivyoungua kwa sababu yake, kwa masharti mawili. Termostati irudishwe, na huyu mzee atie sahihi karatasi kwamba hadi garanti iishe hatafungua tena kapo ya gari hili. Hawakuitaka sahihi yangu. Waliitaka yake.

Dada alisoma karatasi kwa Kifaransa, baba akaomba isomwe tena kwa Kiswahili. Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Hata maji ya kufutia kioo?"

"Hata hayo, muzee," shefu alisema. "Yako ndani ya kapo. Mama atakuwa analeta gari kila mwezi, tutayajaza sisi."

"Matairi?"

"Matairi unaweza kupima upepo."

"Asante," alisema baba, na akatia sahihi kwa mwandiko wake wa shule ya mapadri, herufi moja moja. Mimi nilikuwa nimefurahi sana. Gari langu lilikuwa linarudi. Niliutazama mkono wake ukiandika na sikuona chochote cha kunihuzunisha, na hilo mpaka leo sijajisamehe vizuri.

Alikishika kiapo kile kupita padri. Kila nilipofika Songo alilipokea gari mikono nyuma, akalizunguka, akapima upepo wa matairi yote manne na la akiba. Aliyapima mno. Nilikuwa nikitembea na matairi magumu hadi meno yanagongana, lakini sikuwa na moyo wa kumnyima na hilo. Kisha alianza kusikiliza. Aliniambia niwashe, nikanyage mafuta, niachie, yeye ameinamisha kichwa, amefumba macho.

"Iko na mukanda moja inalia. Waambie wa Bujumbura. Upande ya kushoto, chini."

Nilikwenda nikawaambia, nikiona aibu. Mara ya kwanza shefu alicheka. Mkanda ulikuwa umeanza kuchanika, upande wa kushoto, chini. Mara ya pili hakucheka, na kuanzia mara ya tatu alikuwa ananiona naingia tu, anauliza, "Muzee anasema nini mwezi huu?" na kuchukua kalamu. Mwaka mpya alimtumia kalenda ya kampuni na kofia. Baba aliivaa kofia ile hadi kwenye mazishi. Tulikuwa tumepatana sote, nikadhani. Nilikuwa ninawasimulia wenzangu sokoni: baba yangu sasa ni mshauri wa Bujumbura, hashiki hata spana, anasikiliza tu kama daktari mkubwa.

Siku garanti ilipokwisha nilikuwa nimeiweka kwenye simu kama siku ya kuzaliwa. Asubuhi mapema, kabla sijakwenda popote, nilipanda Songo na kitambaa kipya cha kufutia na sanduku la spana nililomnunulia. Nilipiga honi langoni.

"Papa! Garanti imekufa!"

Alitoka akicheka. Alikuwa amenawa mikono hadi viwikoni, kama alivyofanya siku zote kabla ya kugusa injini, akisema ni kuingia na mchanga ndiko kunakoua. Alikuja hadi kwenye gari, mkono wake ukashika kioo cha pembeni, ukateremka ubavuni, ukafuata taa hadi mbele. Akasimama hapo.

"Fungua weye," alisema.

Nilidhani ananitania, kwamba ananikumbusha nilivyomkatalia mbele ya majirani. Nikasema sawa. Kisha nikagundua kwamba katika miaka mitatu sijui hata kapo inafunguliwa wapi.

"Chini ya usukani," alisema. "Kwa goti yako. Vuta."

Nilivuta, nikainua. Baba aliinama mbele ya injini. Aliinama zaidi. Pua yake ilikaribia kugusa betri, na alikaa hivyo muda mrefu, akigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayetafuta punje.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Naona injini, Papa."

"Injini hata minye najua. Maji ya radiata iko rangi gani?"

Sikujua ni kopo lipi. Nilimtazama yeye badala ya kopo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimtazama machoni kwa karibu, jua likiwa upande wetu. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe, zote mbili.

"Papa. Unaniona?"

"Nakuona. Naona iko mutu."

"Tangu lini?"

"Oo. Mwaka. Mwaka na kidogo."

Nikakaa juu ya bampa. Dada yangu alikuwa ameniambia baba analalamika taa ya nyumba ni hafifu, nasi sote tukaulaumu umeme wa mji, kwa sababu umeme wa mji unastahili lawama wakati wowote. Alikuwa akinipa simu nimsomee ujumbe, akisema maandishi ya siku hizi ni ya wachoyo. Kama angekuwa anafungua kapo kila Jumamosi angekosea nati, angeangusha spana ndani, mimi ningefoka, na baada ya kufoka ningemtazama. Hakuna mahali pengine duniani ambapo macho yake yangetusaliti upesi hivyo, na mahali hapo nilipafunga mimi.

"Kwa nini hukusema?" Nilikuwa nafoka, ndiyo. Sijui kuogopa kwa njia nyingine.

"Ningesema nini? Hakukuwa kitu ya kuangalia."

Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na ningependa angelaumu.

"Kesho tunaenda kwa muganga wa macho, Papa. Bujumbura, Bukavu, popote."

"Kesho sawa. Leo iko hii." Alinyoosha mkono, akanitafuta, akakipata kiganja changu na kukiingiza ndani ya injini, chini, mahali pa joto kidogo, mpaka vidole vyangu vikashika mpira mnene uliopinda. Mikono yake ilikuwa mikavu na safi. Haikuwa na harufu ya kitu chochote.

"Hii iko bomba ya maji, ya juu. Finya. Iko laini ao ngumu?"

"Laini, Papa."

"Laini kama nini?"

"Kama... sijui. Kama sikio."

"Basi iko vizuri. Ikiwa ngumu, uogope. Sasa fuata mpaka mwisho, kuna kifungo ya chuma. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Niko nasikia pua yako. Uko unalia?"

"Hapana."

"Basi kaza," alisema, mkono wake ukiwa bado juu ya wangu, "pole pole, mpaka nikuambie."